Hundi ya milioni 100 na watu 8,323

Mwaka 2017 shirika la hisani la Tipping Point, San Francisco, lilitangaza ahadi ya dola milioni 100. Lengo lilikuwa kupunguza kwa nusu, ndani ya miaka mitano, idadi ya watu waliokaa mitaani kwa muda mrefu: wale wenye mwaka mzima au zaidi nje, na juu yake wana ulemavu au maradhi. Hesabu ya mwaka huo iliwakuta kama 2,100. Hesabu ya 2022 ikawakuta karibu 2,700.

Ni rahisi kucheka. Lakini chukua kalamu kwanza. Chumba kimoja cha mtu asiye na makao, chenye choo chake na jiko dogo, katika jengo linalojengwa kwa fedha za umma, kiligharimu San Francisco wakati huo dola 600,000 na kupanda, na jengo lenyewe lilichukua miaka sita au zaidi. Kwa bei hiyo milioni 100 zinajenga vyumba 166. Nusu ya watu 2,100 ni 1,050, na kuwajengea wote kunahitaji dola milioni 630. Ahadi iliyotikisa magazeti ilikuwa chini ya moja ya sita ya bei ya lengo lake, na hapo hatujamhesabu anayepoteza nyumba kesho. Maofisa wa jiji wenyewe wamekuwa wakisema kwamba kwa kila anayeingia ndani, wengine watatu au zaidi wanatoka nje. Ni kuchota maji kwenye mtumbwi unaovuja.

Ukitazama nchi nzima, uwiano ni ule ule. Mfuko wa Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, wa kusaidia familia zisizo na makao, ulioanza 2018, uligawa dola milioni 110.5 kwa mashirika 40 mwaka 2024. Hesabu ya usiku mmoja wa Januari mwaka huo iliwakuta watu 771,480 nchini Marekani bila makao, karibu 260,000 kati yao wakiwa wazazi na watoto wao. Gawanya: dola 425 kwa kila mzazi na kila mtoto. Katika miji mingi ya Marekani hizo hazilipi hata pango la mwezi mmoja. Mapema mwaka huo huo wizara ya nyumba ya serikali kuu ilitoa ruzuku za dola bilioni 3.16 kwa ajili ya wasio na makao wa kila aina. Kwa kila dola 100 za serikali, tajiri wa vitabu na vifurushi aliweka tatu na nusu.

Kwa hiyo anayesema matajiri wakifungua pochi tatizo litakwisha, hajapiga hesabu. Anayesema fedha zao ni kiini macho naye kakosea, na jengo lililopo San Francisco, namba 833 mtaa wa Bryant, linaonyesha kwa nini.

Linaitwa Tahanan, neno la Kitagalog lenye maana ya nyumbani, kwa kuwa eneo hilo lina Wafilipino wengi. Ng'ambo ya barabara ni jengo kubwa la mahakama ya jinai. Ndani kuna vyumba 145 vya watu waliotoka mitaani, na kimoja cha msimamizi. Tahanan lilijengwa kwa miaka mitatu, kwa chini ya dola 400,000 kila chumba. Bado ni karibu shilingi bilioni moja za Tanzania kwa chumba kimoja, na aliyejenga kwake pole pole, msingi mwaka huu na bati mwaka wa tatu, atashika kichwa. Kwa San Francisco, hiyo ni bei ya kutupa.

Vyumba viliundwa kiwandani Vallejo, vikaletwa kwa malori na kupandishwa juu ya msingi kwa kreni, kimoja juu ya kingine. Kiwanda kilikuwa kikiunda vyumba wakati msingi unachimbwa, na hapo pekee miezi mingi iliokolewa. Vyama vya mafundi wa jijini vililalamika, maana kazi yao ilikwenda mji mwingine, na malalamiko hayo si ya kubeza. Ila siri kubwa zaidi ilikuwa kwenye fedha. Jengo la kawaida la aina hii huokoteza mtaji wake sehemu nyingi: nafuu ya kodi kutoka serikali kuu, mkopo wa jimbo, fungu la jiji. Kila mlango una foleni yake, masharti yake na mwanasheria wake, na wakati unasubiri mlango wa tatu, bei ya mbao inapanda. Kwa Tahanan, fedha za wafadhili, Tipping Point wakiwemo, zilikuja kwa mkupuo, mwanzoni kabisa, kabla ya yeyote kujua kama njia hii itafaulu. Ofisa wa umma anayecheza kamari ya hivyo na kodi za wananchi hupoteza kazi. Mfadhili akipoteza, anapoteza zake.

Hapo ndipo thamani ya hisani ilipo. Haikununua nyumba nyingi. Ilinunua muda, na ilinunua ruhusa ya kukosea.

Mfano wa pili si hisani hasa, nami nauleta makusudi. Novemba 2018 wapiga kura wa San Francisco waliletewa Pendekezo C: kampuni zenye mapato yanayozidi dola milioni 50 kwa mwaka zilipe kodi ya ziada kwa ajili ya wasio na makao. Makadirio yalikuwa dola milioni 250 hadi 300 kila mwaka. Marc Benioff, mmoja wa waanzilishi wa Salesforce, aliliunga mkono, na yeye na kampuni yake wakatia kwenye kampeni karibu dola milioni 8. Jack Dorsey wa Twitter alipinga, na wawili hao wakarushiana maneno hadharani, humo humo kwenye mtandao wa Dorsey. Pendekezo likapita kwa zaidi ya asilimia 60. Kesi zikafuata, na fedha zikakaa zimefungiwa hadi mahakama ilipomaliza shauri mwaka 2020.

Linganisha sasa. Milioni 100 za Tipping Point zikiingia zote kwenye ujenzi, kwa bei ya Tahanan zinatoa vyumba 250 au zaidi kidogo, basi. Milioni 8 za kampeni zilisaidia kufungua mfereji uliokadiriwa kuleta milioni 250 au zaidi, mwaka baada ya mwaka. Jambo la kuchekesha ni kwamba sheria ya Marekani humpunguzia kodi anayetoa sadaka, lakini anayechangia kampeni ya kura hapati nafuu hiyo.

Hesabu ya 2024 ilikuta San Francisco watu 8,323 wasio na makao kwa jumla. Pale Tahanan mpangaji hulipa asilimia 30 ya kipato chake, mara nyingi posho ya ulemavu tu, na kiasi hicho hakitoshi kulipa mlinzi, fundi wa lifti na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanaobisha hodi kuuliza kama dawa zimenywewa. Pengo hilo hujazwa na jiji, kila mwezi, kwa miaka. Wafadhili walishaandika hundi yao na kuondoka.