Pipa la lita 200 linavyoweza kuwa jiko la nyama ya moshi: mwongozo kwa wafugaji wa Karatu



Vijana wengi wanaofuga nguruwe na kuku hapa Karatu wana shida moja: mnyama anakomaa, mchinjaji anakuja, anapanga bei yeye. Wakati huohuo barabara ya kwenda lango la Ngorongoro imejaa hoteli, kambi na magari ya wageni wanaotafuta chakula chenye ladha. Hapo katikati pana nafasi. Nyama iliyoivishwa polepole kwa moshi ni bidhaa nyingine kabisa, si kitimoto cha kukaanga, na jiko lake unaweza kulitengeneza kwa pipa la chuma na fundi wa kuchomelea wa mtaani.

Kwanza, pipa lenyewe

Uliza pipa lilibeba nini. Lililobeba mafuta ya kula au juisi nzito ndilo zuri. Lililobeba viuatilifu au kemikali za kiwandani usiliguse, hata kama unapewa bure. Haliwezi kuoshwa likawa salama kwa chakula. Na lililobeba petroli au dizeli, usikubali fundi alikate kwa grenda au moto. Mvuke unaobaki ndani ya pipa "tupu" hulipuka, na watu wamekufa hivyo.

Pipa likishapatikana, toa mfuniko wote wa juu, toboa matundu ya hewa (vipimo viko hapa chini), kisha washa moto mkali wa kuni ndani yake ukiwa nje, mbali na watu. Rangi na utando wa ndani viungue vyote. Sugua kwa brashi ya waya, osha, kausha, kisha paka mafuta ya kula ndani.

Vipimo vya fundi

1. Matundu matatu ya hewa, kila moja sentimita 2.5, yazunguke pipa sentimita 5 juu ya kitako. Kila tundu liwe na kifuniko cha bati chenye bolti, kiweze kufunguliwa na kufungwa.
2. Kikapu cha mkaa cha wavu mzito wa chuma, upana sentimita 35 hivi, chenye miguu ya sentimita 8 ili majivu yadondoke chini.
3. Bolti nne ndani ya pipa, sentimita 15 hadi 18 chini ya ukingo, za kushikilia wavu wa nyama.
4. Mfuniko wenye mpini na matundu manane ya nusu inchi ya kutolea moshi.

Wavu na kikapu visiwe vya chuma kilichopakwa zinki. Zinki ikipata moto mkali hutoa moshi wenye sumu. Tumia nondo nyembamba au chuma cha pua.

Kuni za kutoa ladha

Hapa Karatu tuna bahati. Ukanda wa Oldeani na Rhotia una kahawa, na kila mwaka matawi yanapogolewa. Yakaushe vizuri, vipande vya ukubwa wa ngumi vitatu au vinne juu ya mkaa vinatosha. Mpera na mparachichi pia ni wazuri, na magunzi ya mahindi yasiyo na ukungu yanafaa. Usitumie msindano, mkaratusi wala mbao zenye dawa: utomvu na dawa vinaharibu ladha na afya. Mkaa nunua ule wenye kibali. Msitu wa hifadhi ndio unaotunza vyanzo vyetu vya maji, usiukate kwa ajili ya biashara ya nyama.

Kuwasha na kuendesha

Jaza kikapu mkaa usiowashwa, kisha weka juu yake vipande 15 hivi vilivyokwisha kushika moto. Moto utashuka wenyewe taratibu. Joto ndani ya pipa likae nyuzi 110 hadi 135. Likipanda, funga tundu moja la chini. Likishuka, fungua. Usifungue mfuniko kila dakika: hewa ikiingia, mkaa unachachamaa. Moshi mzuri ni mwembamba, karibu hauonekani. Ukiwa mzito na mweupe, nyama itakuwa chungu. Karatu kuna upepo, kwa hiyo weka pipa nyuma ya ukuta.

Bega la nguruwe la kilo 2.5 huchukua saa 5 hadi 7, kuku mzima saa 2 hadi 3.

Usibahatishe joto

Nunua kipimajoto cha kuchoma ndani ya nyama. Kipime kwa maji yanayochemka: kwa mwinuko wa Karatu mjini, kama mita 1,500, maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Kisha pima sehemu nene ya nyama bila kugusa mfupa. Kuku na nguruwe wasitoke chini ya nyuzi 74. Bega unalotaka lichambuke kwa mkono, ngoja zaidi ya 90.

Nasisitiza kwa sababu ya tegu wa nguruwe. Nguruwe anayezurura akila kinyesi cha binadamu hupata vijipunje vyeupe kwenye nyama. Mtu akila nyama hiyo mbichi, hupata tegu tumboni. Mayai ya tegu yakirudi kwenye chakula na maji, huweza kufika kwenye ubongo wa mtu na kuleta kifafa. Mbulu, jirani zetu, watafiti wamelifuatilia jambo hili kwa miaka mingi. Kwa hiyo: nguruwe afungiwe bandani, kila kaya iwe na choo, nyama ikaguliwe na mtaalamu kabla ya kuingia kwenye pipa. Moshi hauondoi ulazima wa ukaguzi.

Moshi huu pia hauhifadhi nyama. Nyama ya moto iuzwe ndani ya saa 2, au ipozwe haraka na iingie kwenye friji.

Piga hesabu kabla ya bei

Bega hupoteza mpaka asilimia 40 ya uzito likiiva hivi. Ukiweka kilo 10 zilizokugharimu sh. 100,000, ukitoa kilo 6, kila kilo imekugharimu karibu sh. 16,700 kabla ya mkaa, viungo na muda wako. Anayeuza kwa bei ya nyama mbichi anajifilisi huku wateja wakimsifu.

Mwisho, kama una wateja Waislamu, tenga pipa, visu na mbao za kukatia za nguruwe peke yake, na uwaambie wazi. Ukitaka kuiuzia hoteli, pitia kwanza kwa afisa afya na TBS, ambao tangu 2019 ndio wanaosimamia usalama wa chakula.

Anza na kuku wawili wa nyumbani, jifunze matundu yako, ndipo uende sokoni. Kazi njema.