Rangi za Mtoto Zisiwe Sumu

 

Mtoto wako hapa Bondeni akichora flamingo mwenye miguu minne na kofia, furahi naye. Kuchora huzoesha vidole kushika kalamu. Lakini je, anatumia rangi gani?

Usimpe rangi iliyobaki ya mlango, ukuta au gari. Baadhi ya rangi hizo zina madini ya risasi. Mtoto hulamba vidole, na risasi ikiingia mwilini hudhuru ubongo, akapata shida ya kujifunza. Hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama, na dalili huenda usizione.

Flamingo wa Ziwa Nakuru hupata wekundu wake katika chakula anachokula. Wewe pia tafuta rangi jikoni. Pika uji mwepesi wa unga wa ngano, uache upoe, kisha uugawe. Tia maji ya biti upate waridi, maji ya sukuma wiki iliyotwangwa upate kijani, chai ya rangi iliyokolea upate kahawia. Itumie siku hiyo hiyo, itakayobaki imwage.

Akimaliza, mnawishe kwa sabuni. Kama amewahi kulamba rangi ya nyumba, mpeleke kliniki umweleze mhudumu.