Kuitwa kwa Petro na Andrea

Wavuvi wa Ziwa Kivu wanajua uzito wa wavu huu. Petro na Andrea wako ndani ya mtumbwi, samaki wamo wavuni. Bwana Yezu, akisimama juu ya mwamba, anawaita. Mbingu yote ni dhahabu, kwani anayeita hapa ni Mungu.

Duccio alichora ubao huu, kwa rangi iliyokorogwa na kiini cha yai, kati ya 1308 na 1311, kwa altare kubwa ya Katedrali ya Siena. Mbele, waamini walimwona Bikira Maria na Mwana wake. Ubao wetu ulikuwa nyuma, chini, upande wa mapadri: wale hasa waliokwisha kuacha nyavu! Mwaka 1771 picha ile kubwa ilipasuliwa kwa msumeno. Kipande hiki kiko sasa Washington, Marekani. Ndugu mseminari, tazama vizuri: wavu haujaachwa bado.