Miguu Kuvimba Baada ya Safari Ndefu

Leo tuzungumze juu ya miguu na safari.

Chukua mfano wa mama aliyejifungua wiki 2 zilizopita jijini Nairobi, na sasa anakwenda kwao Mombasa ili mamake amsaidie kulea. Ni karibu kilomita 480. Basi linaondoka usiku. Mtoto yuko mapajani, mkoba uko chini ya miguu, goti linagusa kiti cha mbele. Mama huyu hanywi maji, maana akibanwa na haja ndogo atamwambia nani asimamishe gari? Asubuhi akifika, viatu havimwingii.

Hali hii husababishwa na nini? Moyo husukuma damu hadi nyayoni, lakini katika kuirudisha juu husaidiwa na misuli ya shavu la mguu. Ukitembea, misuli hiyo hukamua mishipa na damu hupanda. Ukikaa saa 8 umekunja magoti, misuli imelala, damu hutuama chini, na maji huchujika yakaingia katika nyama ya mguu. Uvimbe wa namna hii huwa wa miguu yote miwili, hauumi sana, na ukilala umeweka miguu juu ya mto hupungua kufikia kesho yake.

Lakini damu inayotuama yaweza pia kuganda ndani ya mshipa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba kukaa safarini bila kujongea kwa saa 4 au zaidi, iwe ni kwa ndege, gari, basi au treni, huongeza hatari hiyo takriban mara mbili. Kwa mtu mwenye afya hatari yenyewe ni ndogo, kama mtu 1 kati ya 6,000. Mama mja mzito si kama wengine. Mwili wake hujiandaa asipoteze damu nyingi wakati wa kuzaa, kwa hiyo damu yake huganda upesi, na hali hiyo huendelea kwa wiki 6 hivi baada ya kujifungua. Aliyezaa kwa upasuaji ana hatari zaidi.

Kwa hiyo mama, ikiwa safari yaweza kungoja, ingoje. Kama ni lazima, omba kiti cha kando ya njia. Mkoba upakiwe kwenye buti, miguu ipate nafasi. Kila nusu saa inua visigino, kisha vidole, mara 20 hivi. Hata katika matatu iliyojaa hilo lawezekana. Basi likisimama Mtito Andei usibaki kitini ukilinda kiti. Shuka, tembea, nenda msalani, mpe jirani mtoto ukinyoosha mgongo. Na unywe maji. Kumwomba dereva asimame si aibu, nawe unanyonyesha. Anayeweza kupanda treni ya Nairobi hadi Mombasa, iliyoanza mwaka 2017, atapata njia ya kutembea ndani ya behewa.

Sasa sikiliza vizuri. Mguu mmoja ukivimba kuliko mwenzake, ukauma kwenye shavu na kuwa na joto, hiyo si ganzi ya safari. Usiuchue kwa mafuta wala kuukanda, hata kama nyanya amekwisha kuchemsha maji. Donge la damu laweza kung'oka likapanda hadi mapafuni. Dalili zake ni kuishiwa pumzi ghafla, kifua kuuma, kukohoa damu au kuzirai, na mgonjwa aweza kufa kwa muda mfupi. Vilevile mja mzito akivimba uso na mikono, kichwa kikimuuma sana au macho yakiona ukungu, huenda ni shinikizo la damu.

Katika hali zote hizo nenda hospitali mara moja, hata kama ni siku kadhaa tangu usafiri. Mwambie daktari ulisafiri lini, ulikaa saa ngapi, na ulijifungua lini. Nanyi mnaomsindikiza, mbebeni na mtoto, apate kunyonya.