Kiti cha Gari cha Mtoto Mchanga kwa Mzazi Mwenye Mikono Dhaifu

Familia yenye gari inapojiandaa kumpokea mtoto mchanga, kiti cha kumsafirishia huchaguliwa mara nyingi kwa kuangalia bei, rangi au ushauri wa muuzaji. Mzazi ambaye mikono yake haina nguvu anahitaji kipimo kingine cha kuanzia. Kiti kilichofaulu majaribio yote ya maabara hakimkingi mtoto iwapo mkono unaokitumia kila siku hauwezi kukaza mikanda yake wala kuifungua.

Udhaifu wa mikono katika kipindi hiki si jambo adimu. Uvimbe wa ujauzito huweza kuibana neva ya kati ndani ya kifundo cha mkono, na mama akahisi ganzi kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, hasa nyakati za usiku. Baada ya kujifungua, kumnyanyua mtoto mara kwa mara huweza kuleta maumivu ya kano za upande wa kidole gumba, hali ijulikanayo kama ugonjwa wa De Quervain. Wanawake wengi wenye baridi yabisi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia viungo, hupata nafuu wakati wa mimba, kisha ugonjwa ukawarudia katika miezi ya kwanza ya malezi. Wapo pia mabibi na mababu wanaolea wajukuu huku viungo vya vidole gumba vimelika kwa umri, na watu waliowahi kupata kiharusi au jeraha la mkono.

Mzazi aliyechoshwa na mikanda migumu huweza kuona ni afadhali ampakate mtoto. Hesabu nyepesi huonyesha hatari yake. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa likigonga na kusimama ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, mtoto wa kilo 4 husukumwa mbele kwa nguvu inayolingana na uzito wa zaidi ya kilo 50. Hakuna mikono ya mzazi, hata yenye afya kamili, inayoweza kumzuia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa viti maalumu hupunguza vifo vya watoto wachanga katika ajali za magari kwa takriban asilimia 70.

Ugumu wa mikanda hiyo umewekwa kwa makusudi. Kanuni za Umoja wa Mataifa zinazofuatwa Ulaya na kwingineko zinataka kitufe chekundu cha bizimu kifunguke kwa nguvu ya kati ya nyutoni 40 na 80. Marekani kiwango ni kati ya nyutoni 40 na 62. Lengo ni kuwazuia watoto wasijifungulie wenyewe. Nyutoni 40 ni sawa na kukandamiza uzito wa kilo 4 hivi, yaani uzito wa mtoto mchanga mwenyewe, mara nyingi kwa ncha ya kidole gumba kimoja. Mama anayeshindwa kufungua hana sababu ya kujilaumu kuwa mzembe. Hatari huanza pale anapoacha mikanda ikiwa legevu ili asihangaike baadaye.

Kwa hiyo kiti kijaribiwe kabla ya kulipiwa, na ikiwezekana kabla ya kujifungua. Mtumiaji ajaribu kwa mkono wake ulio dhaifu zaidi, na kama viungo hukakamaa asubuhi, aende dukani asubuhi. Afanye mambo manne: kufunga bizimu, kulifungua, kukaza mikanda kwa kuvuta utepe wa mbele, na kuilegeza. Ayarudie mara tano mfululizo, kwa kuwa mkono unaoweza mara moja huenda ukashindwa mara ya tano. Viti vingi vya Ulaya hutaka ndimi mbili za mkanda ziunganishwe kwanza, kisha ziingizwe pamoja. Vingi vya Marekani huingiza kila ulimi peke yake, jambo ambalo huwa rahisi kwa mwenye mkono mmoja imara.

Uzito ni suala la pili. Kiti cha kubebeka chenye mpini huwa na kilo 3 hadi 5, na mtoto akiwamo mzigo hukaribia kilo 8 au zaidi. Kwa kifundo kinachouma, ni heri kiti kibaki garini na mtoto abebwe peke yake. Viti vinavyozunguka kuelekea mlangoni hupunguza kuinama na kunyoosha mikono. Kitako kinachonasa kwenye vyuma vya ISOFIX kinaweza kufungwa mara moja na mtu mwenye nguvu, kikabaki hapo. Gari likaguliwe kwanza kama lina vyuma hivyo. Anayetegemea teksi achague kiti kinachoruhusiwa kufungwa kwa mkanda wa kawaida wa gari, na amwombe msaidizi akikaze.

Katika matumizi ya kila siku, utepe uvutwe kwa uzito wa mwili badala ya vidole pekee. Kitufe kinaweza kukandamizwa kwa vidole gumba viwili kwa pamoja, au kwa kiwenzo kidogo cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, ambacho huondolewa baada ya kufungua. Maziwa na uji vikiganda ndani ya bizimu hulifanya kuwa gumu zaidi. Lisafishwe kwa maji kama kijitabu cha kiti kinavyoelekeza, wala lisitiwe mafuta. Mwenye ganzi asitegemee vidole kupima ukazaji: aangalie kwa macho kama mkanda umelala bila kulegea begani, au amwombe mwingine ajaribu kuubana mkunjo. Mkanda ulioshikika mkunjo haujakazwa vya kutosha.

Haya yote hayaondoi masharti ya msingi. Mtoto mchanga hutazama nyuma ya gari, na kanuni ya R129 ya Umoja wa Mataifa inataka hivyo hadi afikishe angalau miezi 15. Kiti cha namna hiyo kamwe kisiwekwe mbele ya mfuko wa hewa unaofanya kazi. Kiti kilichowahi kupata ajali, au ambacho historia yake haijulikani, kisinunuliwe hata kikiwa chepesi kufungua.

Wakunga na wauguzi wa kliniki za wajawazito wana nafasi ya kuliibua suala hili mapema. Swali moja linatosha kuanza: je, unaweza kufungua kifuniko cha chupa bila maumivu? Mama anayejibu hapana apimwe na kutibiwa, kwani bandeji ngumu ya kifundo, dawa au sindano ya kutuliza uvimbe huwasaidia wengi. Apelekwe pia kwa mtaalamu wa tiba kwa kazi, akiwa na kiti chenyewe kama anacho. Na siku ya kuruhusiwa kutoka wodini, mtu atakayemfunga mtoto kila siku ndiye amfunge, muuguzi akiwa pembeni, kabla gari halijawashwa.