Kabla ya Kununua Mabati Mapya, Kagua Mbao za Paa

Mvua ya mawe inapokwisha Silibwet, jambo la kwanza ambalo wenye nyumba wengi hufanya ni kutoka nje na kutazama mabati. Bati lililopinda au kutoboka huonekana upesi, na lililolegea husikika likigonga usiku wa kwanza wa upepo. Lakini kinachobeba mabati hayo hakionekani kutoka uani. Mbao za paa huoza gizani, juu ya dari, kwa miezi na miaka, na zinapochoka, hatari huwa juu ya vichwa vya watu waliolala.

Makala haya yanaeleza jinsi ya kutambua mbao zilizoharibika, jinsi ya kujua chanzo, na jinsi ya kuzirekebisha. Kanuni moja inatangulia nyingine zote: mbao haiozi bila maji. Anayebadilisha mbao iliyooza bila kuziba njia ya maji atalazimika kuibadilisha tena.

Jinsi paa linavyojibeba

Nyumba nyingi za eneo hili zina paa la mabati lililokaa juu ya kenchi, yaani fremu za mbao zenye umbo la pembetatu zilizopangwa kutoka ukuta mmoja hadi wa pili. Kila kenchi ina mbao mbili za mteremko, ambazo mafundi huziita rafta, na mbao moja ya chini inayoziunganisha. Juu ya rafta hupigiliwa mbao ndogo za kushikilia mabati. Fremu zote hukalia mbao iliyolazwa juu ya ukuta, ambayo mafundi huiita wolpleti.

Uzito wa paa husukuma miguu ya rafta kwenda nje. Mbao ya chini ndiyo inayoizuia isitanuke, kama mshipi unavyobana kiuno. Ikikatwa ili kuinua dari au kupitisha bomba la moshi, rafta hutanuka, kilele cha paa hushuka, na sehemu ya juu ya ukuta husukumwa nje.

Upepo hufanya kinyume. Huingia chini ya ukingo wa paa na kulivuta juu. Kwa kuwa mabati ni mepesi, wakati wa dhoruba paa huweza kung'olewa zima. Kwa sababu hiyo, mahali wolpleti inaposhikana na ukuta ni muhimu sawa na kilele chenyewe, na hapo ndipo maji hupenda kutuama.

Kwa nini mbao huharibika katika ukanda wa chai

Sababu ya kwanza ni unyevu. Ukanda wa chai wa Kericho na Bomet hupata mvua karibu kila mwezi, na nafuu kidogo huja kati ya Desemba na Februari. Kuvu inayoozesha mbao huhitaji mbao yenye unyevu wa zaidi ya asilimia 20 hivi ya uzito wake mkavu. Mbao iliyo chini ya bati zima, yenye hewa ya kutosha, hubaki chini ya kiwango hicho. Mbao inayodondokewa na maji kila jioni haipati nafasi ya kukauka.

Mvua ya mawe huongeza tatizo kwa njia ambayo wengi hawaitambui. Barafu hujaa kwenye gata na katika bonde ambapo miteremko miwili ya paa hukutana. Maji yanayofuata hukosa njia, hupanda nyuma na kuingia chini ya mabati. Hivyo mbao huweza kulowa hata pale ambapo hakuna bati lililotoboka.

Sababu ya pili ni mbao zenyewe. Zamani nguzo za tarakwet, yaani mwerezi wa milimani, zilipendwa kwa kuwa kiini chake hakiliwi na mchwa kwa urahisi. Leo paa nyingi hujengwa kwa saiprasi au mkaratusi. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii mnamo Februari 2018, mbao zilipanda bei na miti ya mashambani ikatafutwa zaidi. Mkaratusi mchanga, ukipasuliwa na kuezekwa ukiwa bado mbichi, hupinda, hujisokota na kupasuka unapokauka. Misumari hulegea, na viungo vilivyokuwa vimebana siku ya kuezeka huachana.

Hali hii hujitokeza sana ujenzi unapofanywa kwa haraka. Bonasi ya chai ikilipwa Oktoba, familia hutaka kuhamia nyumba mpya kabla ya Krismasi, na mbao hutoka kwenye msumeno moja kwa moja hadi juu ya ukuta.

Sababu ya tatu ni wadudu. Mchwa hupanda kutoka ardhini kupitia njia za udongo. Wadudu watoboa mbao huacha matundu madogo na unga laini, hasa katika sehemu ya nje ya mti, iliyo karibu na gome.

Ukaguzi wa hatua kwa hatua

Wakati mzuri wa ukaguzi ni Januari au Februari, kabla ya mvua ndefu. Ukaguzi wa pili ufanywe mvua inaponyesha, kwa kuwa maji yatajionyesha yenyewe.

Anza nje. Simama mbali na nyumba na utazame kilele cha paa. Je, kimenyooka au kimebonyea katikati? Tazama ukingo wa paa. Je, umeshuka upande mmoja? Angalia pia pembe za ukuta, juu. Ufa ulio mpana juu na mwembamba chini ni dalili kwamba rafta huenda zinasukuma ukuta.

Ingia ndani. Alama za maji kwenye dari zichorewe mstari kwa penseli na kuandikwa tarehe. Zikivuka mstari baada ya mvua, tatizo linaendelea. Kumbuka kwamba maji hutambaa juu ya mbao kabla ya kudondoka, kwa hivyo tundu huwa juu zaidi ya alama.

Panda juu ya dari ukiwa na tochi, nyundo ndogo na bisibisi. Zima umeme kwenye swichi kuu kwanza, na ukanyage mbao nene tu, kamwe usikanyage dari yenyewe. Mtu wa pili abaki chini. Kagua hasa sehemu nne: wolpleti, miguu ya rafta, mabonde ya paa, na mahali popote bomba au moshi unapopita.

Gonga mbao kwa nyundo. Mbao nzima hutoa sauti kali. Iliyoliwa ndani hutoa sauti ya mtungi mtupu. Kisha choma kwa bisibisi. Ikiingia kwa urahisi, hapo pameoza. Banua kidogo: mbao nzima hutoa kibanzi kirefu chenye nyuzi, ilhali iliyooza hukatika vipande vifupi kama mkate mkavu.

Kusoma dalili

Si kila ufa ni hatari. Mbao inapokauka hupasuka kufuata nyuzi zake, na ufa mwembamba wa aina hiyo mara nyingi hauna madhara. Ufa unaokata nyuzi, unaopita upande hadi upande, au unaoanzia kwenye fundo au kwenye msumari wa kiungo unahitaji fundi mapema.

Njia ya udongo kwenye ukuta haithibitishi kwamba mchwa bado wapo. Ivunje kipande kidogo na urudi baada ya siku chache. Ikijengwa upya, wako kazini. Unga chini ya matundu nao ufagiliwe, gazeti litandikwe, na kuangaliwa baada ya wiki mbili. Unga mpya unaonyesha kwamba wadudu wangali ndani.

Jikoni penye moto wa kuni, masizi hufunika mbao zote kwa weusi. Moshi hukausha mbao na kufukuza wadudu, lakini masizi huficha nyufa na kutu ya misumari. Kwangua kidogo kabla ya kuamua kwamba mbao ni nzima.

Kilele kilichobonyea pia kipimwe. Funga uzi kutoka mwisho mmoja wa kilele hadi wa pili, pima pengo la katikati, kisha rudia baada ya mwezi mmoja. Pengo lisilobadilika linaweza kuwa la miaka mingi. Pengo linaloongezeka linaonyesha paa linaloendelea kushuka, na chumba cha chini yake kisilaliwe hadi likaguliwe.

Marekebisho

Hatua ya kwanza ni kuzuia maji. Badilisha bati lililotoboka, pigilia upya misumari iliyolegea, safisha gata na mabonde, na ukate matawi yanayoangusha majani juu ya paa.

Hatua ya pili ni kutegemeza. Hakuna mbao ya kenchi inayopaswa kukatwa kabla uzito wake haujashikwa na nguzo za muda. Nguzo hizo zisimame juu ya ubao mpana kwenye sakafu imara. Kenchi zirekebishwe moja baada ya nyingine.

Hatua ya tatu ni kukata sehemu mbovu. Kuvu huenea ndani ya mbao kupita mahali panapoonekana, kwa hivyo fundi akate angalau sentimita 30 ndani ya mbao nzima.

Hatua ya nne ni kuunga. Mguu wa rafta uliooza huweza kuokolewa kwa mbao pacha, yaani mbao mpya ya ukubwa uleule inayolazwa ubavuni mwa ile ya zamani. Ipite kila upande wa sehemu dhaifu kwa angalau sentimita 60, na ifungwe kwa bolti zenye washa. Misumari mingi iliyopangwa katika mstari mmoja hupasua mbao.

Wolpleti iliyooza hubadilishwa kipande kwa kipande. Mpya ilazwe juu ya karatasi ya kuzuia unyevu na ifungwe kwa ukanda wa chuma uliojengewa ndani ya ukuta, safu kadhaa chini. Kuipigilia juu ya ukuta kwa misumari pekee hakutoshi dhidi ya upepo.

Kenchi iliyokatwa mbao ya chini irudishiwe mbao hiyo. Ikiwa ukuta umeshasukumwa nje, kazi hiyo si ya fundi peke yake. Mhandisi aitwe kwanza.

Mbao za kurekebishia ziwe kavu. Zipangwe kivulini kwa miezi kadhaa, zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite. Njia rahisi ya kupima ni kuchukua kipande kimoja na kukipima kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kupungua, mbao imekauka kadiri hewa ya hapa inavyoruhusu. Mbao zilizotiwa dawa kiwandani hudumu zaidi, lakini mabaki yake yasitumiwe kama kuni, kwa kuwa moshi wake una sumu.

Makosa ya kuepuka

Tangi la maji lisiwekwe juu ya kenchi zisizojengwa kwa kazi hiyo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, kwa hivyo tangi la lita 500 ni nusu tani mahali pamoja. Vigae vya udongo navyo ni vizito mara nyingi kuliko mabati, na haviwezi kuwekwa juu ya fremu ya mabati bila kuiimarisha.

Kupaka rangi juu ya mbao iliyooza huficha ugonjwa tu. Vivyo hivyo, kuziba matundu yote ya hewa chini ya ukingo wa paa hufungia unyevu ndani. Weka wavu wa kuzuia ndege na popo badala ya kuziba.

Wapi pa kupata msaada

Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, NCA, husajili wanakandarasi na kuidhinisha mafundi. Mwenye nyumba ana haki ya kumwomba fundi aonyeshe kitambulisho chake kabla ya kumkabidhi kazi. Kwa ushauri kuhusu miti na mbao, Taasisi ya Utafiti wa Misitu Kenya, KEFRI, ina kituo Londiani katika Kaunti ya Kericho.

Kubadilisha bati moja au mbao moja ni matengenezo ya kawaida. Lakini anayetaka kubadilisha umbo la paa, kuinua kuta au kuongeza orofa anahitaji idhini ya kaunti chini ya Sheria ya Mipango ya Ardhi ya mwaka 2019. Wakazi wasio na uhakika waulize katika ofisi ya msimamizi wa wadi kabla ya kuanza kazi.

Ukaguzi wa paa huchukua asubuhi moja, na vifaa vyake ni tochi, nyundo, bisibisi na uzi. Mbao pacha moja na bolti nne zikitiwa mapema huweza kuokoa kenchi nzima. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba za Silibwet, asiyekagua mbao Januari huenda akajenga paa upya Aprili, mvua ikimnyeshea.