Mionzi ya saratani ya matiti: Je, yaweza kuleta saratani nyingine?

Mwanamke wa Ngumi, au wa kisiwa kingine cha Wabajuni, anapogunduliwa kuwa na saratani ya matiti, safari ya matibabu huwa ndefu: Kismayo kwanza, kisha ng'ambo ya mpaka, kwani kwa miaka mingi Somalia haikuwa na mashine ya tiba ya mionzi. Kabla ya kufunga safari hiyo, lipo swali linalostahili jibu: je, mionzi inayotibu saratani yaweza kuzusha nyingine?

Jibu ni ndiyo, lakini ni nadra.

Mionzi huua chembe za saratani kwa kuharibu vinasaba vyake. Kiasi kidogo hufika pia kwenye pafu, umio, ngozi ya kifua na titi la pili. Chembe yenye afya iliyojeruhiwa bila kufa yaweza kugeuka saratani, mara nyingi baada ya miaka 10 au zaidi.

Faida na hatari

Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 ulikadiria kuwa, kati ya watu wazima 1,000 waliotibiwa kwa mionzi kwa saratani mbalimbali, takriban 5 hupata saratani ya ziada inayohusishwa na tiba hiyo ndani ya miaka 15.

Mwaka huohuo, uchambuzi wa wanawake zaidi ya 10,000 waliofanyiwa upasuaji wa kuhifadhi titi ulionyesha kuwa, katika miaka 15, saratani hiyo iliua takriban 25 kati ya 100 wasiopewa mionzi, na 21 kati ya waliopewa. Kwa wengi, basi, kuiacha tiba ni hatari zaidi kuliko kuipokea.

Sigara hubadili hesabu. Uchambuzi wa mwaka 2017 ulikadiria hatari ya kufa kwa saratani ya pafu itokanayo na mionzi kuwa asilimia 4 kwa wavutaji wa muda mrefu, na asilimia 0.3 kwa wasiovuta.

La kufanya

Mgonjwa anayevuta sigara ashauriwe kuacha kabla ya tiba. Baadaye, kikohozi kisichoisha, uvimbe mpya, au madoa ya zambarau kwenye ngozi iliyopigwa mionzi yapelekwe kwa daktari upesi.

Aidha, aombe hospitali maandishi yanayoonyesha titi lililotibiwa, kipimo cha mionzi na tarehe, ayatunze. Miaka 10 baadaye huenda daktari atakayemwona yuko Kismayo, Mombasa au Uingereza, na karatasi hiyo ndiyo itakayomweleza historia yake.